UZI: Kabla ya nyota na milia. Bendera za makoloni ya Marekani zilivyokatwa, zilivyobandikwa na kushonwa upya

Fundi Bendera (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga. Nimeshona bendera za shule, za timu na za mashua kwa miaka mingi. Kazi hii humzoeza mtu kuitazama bendera kwa jicho la mkasi: kipande kipi kilitangulia, mshono upi umekuja baadaye, nani kaongeza nini juu ya kazi ya nani.

Kwa jicho hilo nimekuwa nikisoma habari za yale makoloni 13 ya Waingereza kabla hayajawa Marekani. Wengi wetu tunadhani walowezi wale siku moja walimchoka mfalme, wakaitupa bendera yake, wakashona nyingine. Sivyo ilivyokuwa. Kwa zaidi ya miaka 140 walikaa na bendera ileile ya mfalme, wakawa wanaikata hapa, wanaibandika pale, wanaiandika maneno. Hata walipokwisha kuingia vitani naye, bendera yao kubwa ilikuwa bado na misalaba yake pembeni.

Nitaleta kipande kwa kipande. Mwenye swali aulize, tusomeshane.

Fundi Bendera

Tuanze na kitambaa chenyewe. Mwaka 1603 James, mfalme wa Uskoti, alirithi na kiti cha Uingereza. Tarehe 12 Aprili 1606 akaamuru meli za nchi zote mbili zipeperushe alama moja: msalaba mwekundu wa Mtakatifu George wa Waingereza, juu ya msalaba mweupe wa mshazari wa Mtakatifu Andrew wa Waskoti, kwenye buluu. Mwaka uliofuata walowezi wakatia nanga Virginia, wakaanzisha Jamestown.

Ila meli za biashara za Kiingereza zilijulikana zaidi kwa bendera nyekundu yenye msalaba wa George kwenye pembe ya juu, upande wa mlingoti. Baada ya muungano wa 1707 pembe ile ikatiwa misalaba yote miwili. Mtoto wa Boston au wa Charleston alikua akijua kwamba kitambaa hicho chekundu ndicho bendera ya kwao. Ukumbukeni wekundu huo, tutaurudia.

Na kwa wanaotengeneza picha za mitandaoni: ukiona bendera ya mwaka 1776 imetiwa na mistari myekundu ya mshazari ndani ya ile myeupe, aliyechora amekosea. Mistari hiyo ni ya Mtakatifu Patrick wa Ireland, nayo ilitiwa mwaka 1801.

Fundi Bendera

Sasa mkasi wa kwanza. Salem, Massachusetts, mwaka 1634. Walowezi wa pale walikuwa Wapuritani, watu waliovuka bahari wakikimbia kila kitu walichoona ni mabaki ya Kanisa la Roma. Kikosi chao cha wanamgambo kilikuwa na bendera yenye msalaba mwekundu wa George. John Endecott, mmoja wa wakubwa wa mji, akaikata sehemu ya msalaba ule. Hoja yake ilikuwa kwamba Papa ndiye aliyempa mfalme wa Uingereza msalaba huo kama alama ya ushindi, kwa hiyo ni ushirikina, ni masalia ya mpinga-Kristo. Wengi walimnyooshea kidole mhubiri Roger Williams kwamba ndiye aliyemtia maneno.

Hebu mfikirie aliyeshika mkasi siku ile. Msalaba wa bendera ya namna hiyo hushonwa ukaingia ndani ya kitambaa. Ukiutoa unabaki na tundu, na tundu halifichiki. Kila aliyeiona bendera ile ikipepea aliona pengo.

Wakubwa wa koloni waliogopa sana. London wangesikia nini? Mwaka 1635 baraza likamkaripia Endecott na kumzuia asishike wadhifa kwa mwaka mmoja. Hawakumwadhibu kwa kuwa walimwona amekosea katika imani. Wengi wao waliamini kama yeye, kosa lake likawa ni haraka.

Mwalimu wa Zamu

Fundi, hapo naomba kuelewa. Kwa hiyo huyu Endecott ni muasi wa kwanza? Maana 1634 hadi uhuru wa 1776 ni mbali mno.

Fundi Bendera

Mwalimu, mimi namkatalia cheo hicho. Hakumpinga mfalme, alipinga msalaba. Tazama waliyoyafanya baadaye: mwaka 1636 vikosi vya Massachusetts vikawa na bendera zisizo na msalaba kabisa. Lakini mabaharia wa meli zilizotoka Uingereza walipolalamika kwamba bandari nzima haina bendera ya mfalme, wakubwa wakakubali ipandishwe kwenye ngome ya Castle Island, kwa maelezo kwamba ngome ni ya mfalme. Basi koloni moja likawa na sura mbili: baharini msalaba, nchi kavu hakuna. Walidumu hivyo kwa miaka.

Hapo ndipo pembe ya bendera ilipobaki nyeupe, wazi, ikingoja kitu. Kilichoingia ni mti.

Fundi Bendera

Huu mti ni msonobari, na ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo mnivumilie.

Massachusetts ilianza kupiga sarafu zake mwaka 1652. Za mwanzo kabisa hazikuwa na mti; zilizofuata zilichorwa mti wa mrebi, kisha mwaloni, mwishowe msonobari. Ndizo zile wanazoziita shilingi za msonobari. Zilipigwa hadi 1682, na karibu zote zikaandikwa 1652 mwaka uleule. Mti ukawa alama ya New England, na katika michoro ya bendera za nyakati hizo unauona umekaa kwenye pembe nyeupe, wakati mwingine pamoja na msalaba, wakati mwingine peke yake.

Kwa nini msonobari? Watu wa mitandaoni watakwambia ni alama ya uvumilivu, ni kijani kisichokauka. Maneno mazuri, lakini mti ule ulikuwa mali kabla haujawa alama. Msonobari mweupe wa New England ulikuwa mrefu, mnyoofu na mwepesi, na Jeshi la Majini la Uingereza lilikuwa na njaa ya milingoti. Hati ya koloni ya mwaka 1691 ikasema kila mti wenye kipenyo cha inchi 24 na zaidi, ukipimwa futi moja kutoka ardhini, usioota kwenye ardhi ya mtu binafsi, ni wa mfalme. Maofisa wakawa wanapita msituni wakiutia alama ya mshale kwa mapigo matatu ya shoka. Sheria ya New Hampshire ya mwaka 1722 ikabana zaidi, ikashuka hadi inchi 12.

Jiweke mahali pa mkulima. Ana msitu nyuma ya nyumba, anataka mbao za kuezekea, na mti mkubwa umeshatiwa mshale wa mfalme.

Mlingoti wa Pili

Fundi umenigusa. Mimi nimefanya kazi kwenye majahazi tangu kijana. Mlingoti wa gogo moja lisilo na kiungo ni kitu kingine kabisa; hupinda na upepo kisha ukarudi. Ule wa kuunga unaweza ukakutia hasara katikati ya kusi. Naelewa kwa nini mfalme aliwang'ang'ania miti ile. Naelewa pia kwa nini wenyeji walikasirika. Je, walipigana?

Fundi Bendera

Walipigana, mzee wangu. Alfajiri ya tarehe 14 Aprili 1772, mji wa Weare, New Hampshire. Ebenezer Mudgett alikuwa na kesi ya magogo. Sherifu Benjamin Whiting na naibu wake wakaja kumkamata, wakalala nyumba ya wageni. Kabla hakujapambazuka watu waliojipaka masizi usoni wakawaingilia chumbani, wakawacharaza fimbo, wakawakatia farasi wao masikio, manyoya ya shingo na mikia, kisha wakawafukuza mjini. Washtakiwa wanane wakatozwa shilingi 20 kila mmoja pamoja na gharama, adhabu ndogo kwa kosa la namna ile. Ilikuwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya watu wa Boston kumwaga chai ya Waingereza baharini kwa kupinga kodi.

Kwa hiyo vita vilipoanza, msonobari ulikuwa tayari na hasira ndani yake. Tarehe 20 Oktoba 1775 Joseph Reed, katibu wa Jenerali Washington, aliandika akipendekeza bendera kwa meli za Washington: kitambaa cheupe, mti katikati, na maneno "Appeal to Heaven", yaani rufaa kwa Mbinguni. Maneno hayo yametoka kwa mwanafalsafa John Locke, aliyeandika kwamba watu wakikosa hakimu wa kuwaamulia hapa duniani, rufaa yao hubaki kwa Mungu. Locke alimaanisha kushika silaha. Aprili 1776 Massachusetts ikaifanya bendera ya majeshi yake ya majini.

Kwangu mimi hakuna bendera ya vita vile iliyo na mshikamano kama hii. Mti ambao mfalme aliutaka uwe mlingoti wa manowari zake unapepea juu ya mlingoti wa meli zinazowinda meli zake.

Msafiri wa Mbali

Mimi niko Massachusetts mwaka wa tisa sasa. Nithibitishe kidogo: bendera ya bahari ya jimbo hili hadi leo ni nyeupe yenye msonobari wa kijani. Maneno yaliondolewa mwaka 1971, mti ukabaki. Na pale Boston, kwenye makutano ya mitaa ya Washington na Essex, kuna mchongo ukutani unaoonyesha ulipokuwa Mti wa Uhuru. Nilipita hapo miezi mingi bila kuinua macho. Fundi, ule nao ulikuwa msonobari?

Fundi Bendera

Hapana, ule ulikuwa mti wa aina nyingine, elmu. Tarehe 14 Agosti 1765 watu wa Boston waliitundika hapo sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kugawa stempu za kodi. Baadaye ikasimamishwa nguzo katikati ya matawi, na bendera ikipandishwa watu walijua kuna mkutano. Watiifu kwa mfalme waliukata mwaka 1775. Miji ambayo haikuwa na mti wa hivyo ilisimamisha nguzo tu. Taunton, Oktoba 1774, waliipandisha nguzoni bendera nyekundu ya Kiingereza ninayowaambia, misalaba yake yote pembeni, wakaishonea maneno "Liberty and Union", Uhuru na Muungano. Muungano upi? Mwaka 1774 bado ulikuwa muungano na Uingereza. Walitaka haki zao chini ya mfalme.

Binti Makorora

Shikamoo fundi. Nimefuatilia tangu asubuhi. Naomba utufikishe kwenye nyoka, ile ya njano. Naiona kwenye fulana na kofia, sijui ilianzia wapi.

Fundi Bendera

Marahaba binti yangu. Nyoka ana hatua mbili.

Ya kwanza ni tarehe 9 Mei 1754. Benjamin Franklin alichapa katika gazeti lake, Pennsylvania Gazette, picha ya nyoka aliyekatwa vipande vinane, na chini "Join, or Die": unganeni, la sivyo mfe. Kichwa ni New England yote pamoja, mkia ni South Carolina. Georgia na Delaware hazimo. Na adui wa picha ile hakuwa mfalme, alikuwa Mfaransa pamoja na washirika wake Wahindi Wekundu. Franklin alitaka makoloni yaungane yakiwa ndani ya himaya. Miaka ishirini baadaye nyoka yuleyule akatolewa tena magazetini, safari hii adui ni serikali ya London. Hakuhitaji kuchorwa upya sana.

Hatua ya pili ni nyoka mzima, aliyejikunja, mwenye njuga mkiani. Desemba 1775 barua moja gazetini, ambayo wengi wanasema ni ya Franklin, ilieleza kwa nini nyoka huyu anafaa: yuko Amerika tu, hana kope kwa hiyo hafumbi macho, haanzi ugomvi, na ukimchokoza hutoa onyo kwanza. Mwandishi alihesabu njuga zake, akapata 13. Christopher Gadsden wa South Carolina akaipeleka kwa baraza la jimbo lake tarehe 9 Februari 1776: kitambaa cha njano, nyoka tayari kuuma, na maneno "Usinikanyage". Ilikusudiwa kwa Esek Hopkins, mkuu wa jeshi jipya la majini.

Mwalimu wa Zamu

Fundi, hapa sitakaa kimya. Huyu Gadsden aliyelia asikanyagwe alikuwa na watumwa. Tusiisifu bendera tukaacha hilo.

Fundi Bendera

Mwalimu, sikukusudia kuliacha, na nashukuru umelitanguliza. Gadsden alikuwa na watumwa, na alikuwa na gati kubwa Charleston lenye jina lake. Mwaka 1806, yeye akiwa ameshafariki, mji uliamuru meli zote za watumwa ziteremshe watu kwenye gati hilo, hadi biashara ya kuwaleta kutoka ng'ambo ilipopigwa marufuku 1808. Waafrika kwa maelfu walikanyaga Amerika kwa mara ya kwanza hapo. Juni 2023 pamefunguliwa jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani weusi, limesimama palepale.

Si hilo tu. Kusini hukohuko kuna bendera ya William Moultrie, ya buluu yenye hilali nyeupe, iliyopepea ngome ya kisiwa cha Sullivan tarehe 28 Juni 1776. Ngome ile ilikuwa ya magogo ya palmeto, mti wa jamii ya mchikichi, laini kiasi kwamba risasi za mizinga ya Waingereza zilizama ndani bila kuupasua. Bendera ilipoangushwa, Sajini William Jasper aliruka nje akairudisha juu. Jasper ana sanamu. Wengi waliokata magogo yale na kuyajenga walikuwa watumwa, na majina yao hayako kwenye jiwe lolote la pale. Mimi siwezi kuishona bendera ya nyoka wala ya hilali bila kuwafikiria.

Ukinzani huo wa kusema uhuru na kushika mnyororo ulionekana hata wakati ule. Siusemi kwa kuwa ni mtindo wa leo.

Mlingoti wa Pili

Na milia? Milia imetoka wapi?

Fundi Bendera

Rudini kwenye bendera nyekundu. Chukua bendera ya meli ya Kiingereza, misalaba yake pembeni. Kata vipande sita virefu vya kitambaa cheupe, vishone juu ya wekundu kwa nafasi sawa. Hesabu: saba myekundu, sita myeupe, jumla 13. Kazi ya siku moja kwa fundi mmoja! Bendera hiyo huitwa ya Bara (Continental Colors), na tarehe 3 Desemba 1775 Luteni John Paul Jones aliipandisha kwenye meli Alfred, bandari ya Philadelphia.

Kuna tukio la Mwaka Mpya 1776 lililonikaa moyoni. Jeshi la Washington, likiizingira Boston, lilipandisha bendera ya muungano karibu na mji. Barua yake ya tarehe 4 Januari inasema Waingereza waliokuwa ndani waliifurahia, wakidhani ni ishara ya kusalimu amri, maana hotuba ya mfalme dhidi ya waasi ilikuwa imewafikia watu wa Washington siku zilezile. Watafiti bado wanabishana kama ilikuwa na milia au ilikuwa ya misalaba mitupu. Vyovyote iwavyo, adui alikiona kitambaa chake mwenyewe mkononi mwa wapinzani akadhani wamerudi nyumbani.

Wengine huuliza kama milia iliigwa kwa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India. Meli za Kampuni zilipeperusha milia myekundu na myeupe yenye msalaba pembeni kwenye bahari yetu hii ya Hindi, na chai iliyomwagwa Boston tarehe 16 Desemba 1773, makasha 342, ilikuwa yao. Zinafanana sana, lakini hakuna hati inayosema aliyeshona ya Philadelphia aliiga. Mimi kama fundi naona ufanano huo unatoka kwenye njia: ukitaka kuitofautisha bendera nyekundu kwa haraka na kwa bei nafuu, utatia milia.

Tarehe 16 Novemba 1776 meli ya makoloni, Andrew Doria, iliingia na bendera hiyo ya Philadelphia kisiwa cha Waholanzi cha Sint Eustatius, ikapiga mizinga ya salamu. Gavana Johannes de Graaff akaamuru ijibiwe. Uingereza haikumsahau, ilikivamia kisiwa hicho Februari 1781.

Binti Makorora

Na yule mama aliyeshona nyota, Betsy Ross?

Fundi Bendera

Betsy Ross alikuwa fundi kweli, na risiti za Mei 1777 zinaonyesha alilipwa na jeshi la maji la Pennsylvania kwa kushona bendera za meli. Lakini habari ya Washington kumtembelea dukani ilisimuliwa hadharani na mjukuu wake mwaka 1870. Azimio la Kongresi ya Marekani kuhusu bendera, la tarehe 14 Juni 1777, ni sentensi moja: milia 13, na pembeni nyota 13 nyeupe kwenye buluu, "kundi jipya la nyota". Nyota zipangweje, halikusema, ndiyo maana mafundi walizipanga kila mmoja alivyoona. Rangi zina maana gani, halikusema vilevile. Maelezo ya weupe kuwa usafi na wekundu kuwa ushujaa yalitolewa 1782 kwa ajili ya mhuri wa taifa. Aliyedai malipo ya ubunifu ni Francis Hopkinson, mwaka 1780. Aliomba pipa dogo la mvinyo wa serikali, wakamnyima.

Angalieni kilichotokea hapo pembeni: misalaba imetoka, nyota zimeingia. Pembe ileile aliyoifumua Endecott.

Msafiri wa Mbali

Fundi, umeitaja Salem. Ndiyo Salem ya merikani?

Fundi Bendera

Ndiyo hiyohiyo. Wafanyabiashara wake walifika Unguja miaka ya 1820, na konseli wa kwanza wa Marekani aliyekaa Unguja, mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Bafta nzito ambayo bibi zetu waliiita merikani ilitoka viwanda vya Massachusetts ikapita mikononi mwao.

Nawawekea bendera ya mwisho, ambayo ningependa kuiona kwa macho kabla sijafa. Iko Boston, kwenye chama cha historia cha Massachusetts. Ilikuwa ya kikosi cha watu weusi wa Boston wa zama za vita vile, wakiitwa Bucks of America, nayo walikabidhiwa na John Hancock. Ni hariri, imechorwa kwa rangi, haikutariziwa. Pembeni ina nyota 13 kwenye buluu. Katikati kuna paa dume anaruka, na juu yake umesimama msonobari.